Legeza Hatamu Kidogo



Mwezi huu tunapenda kuwasimulia safari ya siku moja tuliyoifanya juu ya farasi, sisi wawili, mume na mke, pamoja na binti yetu wa miaka 17. Tulikuwa Lesotho, ile nchi ndogo ya milima iliyozungukwa pande zote na Afrika Kusini, tukiwatembelea jamaa zetu. Lakini nyumbani hatukuondoka kwa amani. Binti alikuwa amepata nafasi ya kusomea uuguzi katika mji wa mbali, nasi tukamkatalia. Kwa majuma matatu alitujibu "ndiyo" na "hapana" tu.

Tulianzia Semonkong, mji mdogo ulio zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Maana ya jina hilo ni mahali pa moshi. Moshi wenyewe ni manyunyu ya maporomoko ya mto Maletsunyane, ambao maji yake huanguka mita 192 moja kwa moja hadi chini ya korongo. Huko ndiko tulikokuwa tukienda.

Farasi wa Wasotho ni wadogo, lakini miguu yao ni imara. Waliingia nchini humo katika karne ya 19, enzi za Mfalme Moshoeshoe, na hata leo watu wa milimani huwapanda kwenda dukani na zahanati. Njiani tulikutana na mzee aliyejifunika blanketi zito, mfuko wa unga mbele yake, akipita kwenye mawe kana kwamba yuko barabarani.

Sisi hatukuwa hivyo. Kwenye mteremko wa kwanza hofu ilitushika, tukavuta hatamu kwa nguvu zote. Farasi wetu wakainua vichwa na kukanyaga ovyo. Mmoja akajikwaa, nusura amwangushe aliyempanda. Hata hivyo tulikuwa tukimpigia kelele binti aliyetangulia: "Vuta hatamu, mwanangu! Vuta!"

Kijana aliyetuongoza akarudi nyuma. "Legezeni," akasema. "Ukimvuta kichwa, haoni pa kukanyaga. Njia anaijua." Kisha akaongeza: "Lakini msiziachie. Shikeni kwa mkono mwepesi."

Tukatazama mbele. Binti alikuwa ameshafika chini salama, anatungoja.

Kwenye maporomoko tuliketi majanini, mbali na ukingo, tukala mkate. Ngurumo ya maji ilitufikia pale tulipokaa. Ndipo binti akauliza, "Mama, Baba, mnaogopa nini hasa?"

Hatukuwahi kumwambia. Siku hiyo tulimweleza kwamba binti wa ndugu yetu alikwenda kusoma mjini, akarudi na mimba, masomo yakaishia hapo. Alisikiliza, kisha akasema kwa upole, "Mimi siye yeye. Na hamkuniuliza."

Akina mama, maneno hayo yalituchoma. Tulikuwa tumemhukumu mtoto wetu kwa kosa la mwingine.

Tuliporudi nyumbani tulikubaliana naye: atakaa bweni la chuo, atapiga simu kila Jumapili baada ya ibada, na likizo atakuja nyumbani. Akaenda. Jumapili moja hakupiga. Tulikaa na simu mezani hadi usiku wa manane, tukiomba. Kesho yake asubuhi akapiga: alikuwa zamu wodini. Tulikuwa na makaripio tayari mdomoni. Tukayameza, tukamwuliza kama amekula.

Zaburi ya 32 inataja farasi anayehitaji lijamu na hatamu ili atii. Lakini kabla ya hapo, Mungu anaahidi kumfundisha mtu njia na kumwongoza huku akimtazama. Mtoto mdogo tunamshika mkono. Huyu aliyekua anahitaji mafundisho tuliyokwisha kumpa, macho yetu yasiyomwacha, na maombi yetu.

Je, wewe mama, nyumbani mwako yuko mtoto ambaye hatamu zake umezivuta mno? Usiziachie. Ila jioni ya leo keti naye, umweleze unachoogopa, kisha umwulize naye anaonaje. Msikilize mpaka amalize.

Bwana awape hekima.