Dawa Ipo; Je, Itatufikia Lini?



Habari tulizokukusanyia Jumapili hii zimetoka mbali: nyingine katika maabara, nyingine Ikulu ya Marekani, nyingine katika vilima vya Rwanda. Ukizisoma pamoja utaona zote zahusu ile safari ndefu kati ya siku dawa inapogunduliwa na siku inapomfikia mgonjwa.

Tuanze na malaria, kwa kuwa huo ndio ugonjwa wa nyumbani kwetu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2023 malaria iliua watu 597,000, na asilimia 95 kati yao walikufa Afrika. Katika kila Waafrika wanne waliokufa, watatu walikuwa watoto ambao hawajatimiza miaka mitano.

Chanjo ya kwanza ya ugonjwa huu, iitwayo RTS,S, ilibuniwa mwaka 1987. Majaribio yake makubwa yalianza mwaka 2009 katika nchi saba za Afrika, na baadhi ya watoto walioyashiriki walikuwa wa Bagamoyo na Korogwe. Mwaka 2019 Malawi, Ghana na Kenya zikaanza kuitoa katika baadhi ya wilaya, na Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likapendekeza itumiwe kwa upana zaidi. Hesabu mwenyewe, msomaji: miaka 34. Sasa linganisha na Uviko. Kirusi chake kilitambuliwa Januari 2020, na Desemba ya mwaka huo huo Uingereza ilikuwa tayari inawachanja wazee wake.

Wataalamu watatujibu kwamba kijidudu cha malaria ni kiumbe chenye mambo mengi kuliko kirusi. Hujificha kwanza katika ini, kisha huingia katika damu, na kila hatua hubadili umbo. Jibu hilo ni la haki nasi twalikubali. Lakini haliwezi kubeba miaka yote 34. Ugonjwa uwauao maskini hauna soko, na pasipo soko fedha za utafiti huja kwa matone. Kwa Uviko, matajiri nao walikuwa wakifa.

Hata hivyo mwendo umeanza kuwa mwepesi. Chanjo ya pili, R21, iliyobuniwa na Chuo Kikuu cha Oxford na kutengenezwa kwa wingi nchini India, ilipendekezwa Oktoba 2023, na bei yake ilitajwa kuwa kati ya dola 2 na 4 kwa dozi. Januari 2024 Kamerun ikawa nchi ya kwanza, baada ya zile tatu za majaribio, kuingiza chanjo ya malaria katika chanjo za kawaida za watoto.

Habari ya bei yatufikisha kwenye UKIMWI. Mwaka 2024 yalitangazwa matokeo ya sindano iitwayo lenacapavir, ambayo mtu huchomwa mara mbili tu kwa mwaka ili asiambukizwe. Katika wanawake 2,134 wa Afrika Kusini na Uganda walioipata, hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Ni nadra sana kukuta sifuri katika kazi za namna hii! Lakini ilipoidhinishwa Marekani mwezi Juni 2025, bei yake huko ilikuwa zaidi ya dola 28,000 kwa mtu kwa mwaka. Miezi mitatu baadaye yalitangazwa makubaliano ya kuitengeneza kwa bei ya dola 40 hivi kwa mwaka kwa ajili ya nchi 120 za kipato cha chini na cha kati, kuanzia mwaka 2027. Dawa ni ile ile.

Nani atalipa hizo dola 40? Hapa sayansi huishia na siasa huanza. Tarehe 20 Januari 2025 Rais Donald Trump aliamuru misaada ya Marekani kwa nchi za nje isimamishwe kwa siku 90, na katikati ya mwaka shirika la USAID likafungwa. Kliniki nyingi za Afrika zilizokuwa zikitegemea fedha hizo zilishtuka. Mwandishi huyu halaumu sana. Mwenye mfuko ndiye mwenye kamba yake. Kinachouma ni kwamba mwezi Aprili 2001 viongozi wa Afrika waliahidi wenyewe, mjini Abuja, kutenga asilimia 15 ya bajeti zao kwa afya, na nchi zilizotimiza ahadi hiyo ni chache mno.

Kwa upande wa ufundi, Rwanda imekuwa ikipeleka damu hospitalini kwa ndege ndogo zisizo na rubani tangu Oktoba 2016. Huruka juu ya vilima, huangusha kifurushi kwa mwavuli mdogo, na kurudi zilikotoka. Mzazi wa mtoto aliyeishiwa damu kwa malaria anajua thamani ya dakika hizo.

Jambo dogo kwa walezi. Mahali chanjo ya malaria inapotolewa, dozi ni nne, kuanzia umri wa miezi mitano hivi. Tatu za kwanza hukaribiana, lakini ya nne huja miezi mingi baadaye, na hiyo ndiyo husahauliwa, kwa sababu mtoto amekwisha anza kukimbia na kadi imepotelea chini ya godoro. Itafute kadi leo. Na chandarua kisishushwe, maana chanjo hupunguza malaria, haiizuii yote.

Tukutane Jumapili ijayo.