Mzee Anayesahau Asifichwe, Arudishwe Ngomani

Katika vijiji vya Nachingwea na Ruangwa, kama katika vijiji vingi vya nchi yetu, wapo wazee waliofungiwa ndani bila kosa. Mzee anapotea njia ya shamba alilolima miaka 40. Anamwita mjukuu wake kwa jina la ndugu aliyekufa zamani. Usiku anatoka nje na kutangatanga. Asubuhi majirani wananong'ona: huyu amerogwa. Wengine wanasema vibaya zaidi, kwamba mchawi ni yeye mwenyewe. Basi jamaa wanaona haya, wanamficha.

Tunasema wazi kwamba huo ni ujinga, na ujinga ni mmoja wa maadui watatu tuliokusudia kupigana nao tangu tupate Uhuru. Hapa umeshikana mkono na adui mwingine, maradhi. Kusahau kwa namna hiyo ni ugonjwa wa ubongo, na madaktari huuita demensia. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa nao, wengi wao katika nchi zisizo tajiri. Hapa kwetu, uchunguzi uliofanywa wilayani Hai mwaka 2010 ulionyesha kwamba katika kila wazee 100 wenye miaka 70 na zaidi, kama 6 walikuwa nao. Je, wote hao ni wachawi?

Dawa ya kuuponya kabisa haijapatikana. Lakini dawa ya aibu tunayo wenyewe, nayo ni ngoma. Ugonjwa huu humnyang'anya mtu mambo ya jana, lakini nyimbo alizojifunza ujanani mara nyingi hukawia kupotea. Bibi aliyekuwa kungwi aweza kusahau kama amekula, na bado akaitikia wimbo wa unyago toka mwanzo hadi mwisho. Babu asiyejua leo ni siku gani aweza kusikia sindimba, na mabega yakaanza kucheza. Jirani akiyaona hayo kwa macho yake, atasemaje tena kwamba mtu huyo amekwisha?

Wakati wa ukoloni tulifundishwa kudharau ngoma zetu. Disemba 1962 Mwalimu Nyerere, alipolihutubia Bunge akiwa Rais mpya wa Jamhuri, aliwasikitikia Waafrika waliojua dansi za Wazungu na kutozijua ngoma za kwao. Leo ni nani wanaozijua vizuri ngoma hizo? Ni wazee hawa hawa. Na wengi wao ndio vijana wa miaka ya 1960, walioishi jirani na wapigania uhuru wa FRELIMO walipokuwa na kambi yao hapa Nachingwea. Watu wa namna hiyo hawastahili kufungiwa mlango.

Wako watakaosema: mkimtoa mzee kama huyo hadharani, watoto watamcheka. Ndugu zetu, watoto huiga wakubwa. Wakubwa wakimwitikia, na watoto wataitikia. Lakini asiburutwe. Aketi na rika lake, nyimbo ziwe za ujana wake, jamaa yake awe karibu, na akichoka au makelele yakimtisha, apumzishwe.

Tunashauri hivi. Vikundi vyetu vya ngoma huitwa kila mara kumchezea kiongozi anapozuru. Basi na viwachezee wazee, alasiri moja kila mwezi, katika kila kijiji. Serikali ya kijiji iitangaze siku hiyo, na wajumbe wapite nyumba kwa nyumba kuwaalika wale wasioonekana. Daktari wa zahanati naye aje aseme maneno machache, maana kusahau kwingine hutokana na homa, upungufu wa chakula mwilini au dawa anazotumia mtu, na huweza kutibiwa kukijulikana mapema. Kazi hii haihitaji fedha za kigeni. Ngoma tunazo, na mikono ya kuzipiga tunayo.

Wahenga walisema hujafa hujaumbika. Kijana anayemcheka mzee leo, mwili wake haujamaliza safari. Fungueni milango, wazee watoke.