Kijana wako na gitaa lake

Mzazi mpenzi, kijana ametoka machimboni kule Misisi, na badala ya baiskeli amekuletea gitaa! Usiku anapiga rumba, mara anaichanganya na jazi na soul. Wewe unasema: "Huyu amepotea, anafuata mambo ya Wazungu."

Ngoja kidogo. Hiyo soul ni ya Waamerika weusi, na mizizi yake iko katika nyimbo za makanisa yao. Hata rumba yako ya ujana, je, haikutufikia toka Kuba katika sahani za santuri?

Lokua Kanza alizaliwa hapahapa mkoani kwetu, Bukavu, mwaka 1958. Alisoma muziki Kinshasa, akapiga gitaa kwa Abeti Masikini, halafu mwaka 1984 akaenda Paris. Albamu yake ya kwanza ilitoka 1993: gitaa la polepole, sauti zinaitikiana kama kwaya, mambo ya kwetu na ya ugenini chungu kimoja. Naye hakupotea.

Basi, jioni umwambie akupigie wimbo mmoja. Lakini kama gitaa lilinunuliwa kwa pesa ya masomo ya mdogo wake, hapo, mzazi, mimi niko upande wako.