Galoni ya Nani?

Katika somo la tafsiri tunafundishwa kuchunguza maana ya kila neno, lakini tukifika kwenye vipimo tunaambiwa, "Geuzeni tu kwa kikokotoo." Mimi sikubali. Galoni nayo ni neno, tena lina maana zaidi ya moja.

Mwaka 1824 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyoifanya galoni kuwa ujazo wa ratili 10 za maji, yaani karibu lita 4.546. Wamarekani, ambao walikuwa wamekwisha kujitawala, walibaki na galoni ya zamani ya kupimia divai, ambayo ni karibu lita 3.785. Painti zao nazo zinatofautiana: ya Uingereza ni mililita 568, ya Marekani 473.

Mwaka jana tulitafsiri maelezo ya kuchanganya dawa ya mimea yaliyoandikwa Marekani. Nusu ya darasa, nikiwemo mimi, tuliandika lita 4.5 kila palipokuwa na galoni moja ya maji, na tukapewa alama zote. Kwa tafsiri yetu, mkulima angezidisha maji kwa karibu asilimia 20. Dawa ingekuwa hafifu, wadudu wangepona, na fedha yake ingepotea. Kosa la upatanisho wa kisarufi lingetupunguzia alama. Hili halikumshtua mtu.

Wapo wanaosema, "Basi liache neno galoni lilivyo, mkulima ataelewa." Ataelewa nini? Kwetu Uganda maji ya shambani hupimwa kwa jerikeni ya lita 20. Lita anaijua. Galoni atabaki kuikisia, na tutakuwa tumemwachia yeye kazi yetu.

Wengine hukosea kwa kujifanya mahodari wa hesabu. Mwandishi Mmarekani amesema "kama galoni 10 hivi", wao wanaandika "lita 37.854". Mwenyewe alikadiria, mfasiri anatuambia kwamba alipima. "Kama lita 40 hivi" ingetosha.

Waswahili husema haba na haba hujaza kibaba. Sawa, lakini kibaba cha nani? Nawasihi walimu wetu waliweke swali hilo katika mtihani, walipe alama, na wamkate alama anayelipuuza, hata kama ngeli zake zote zimenyooka.