PEREMENDE ZA KARAMU TUZIVIKE WENYEWE

Na Mwanachama, Kidato cha Tatu

Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Methali hii tumeikariri tangu shule ya msingi. Tumeiandikia insha, na wengine wetu ilitupatia alama za kujivunia. Lakini siku ya karamu ikifika, jameni, tunaisahau kana kwamba hatukuwahi kuisikia. Ndiyo maana nimeshika kalamu mwaka huu, si kumshambulia mtu, bali kutoa maoni yangu kuhusu jambo ambalo wengi watalidharau kwa udogo wake. Jambo lenyewe ni karatasi ya peremende.

Naam, karatasi ya peremende! Usicheke, msomaji mpendwa. Wewe mwenyewe unajua kwamba siku hizi hakuna harusi, ubatizo, siku ya kuzaliwa wala mahafali ambayo mgeni hutoka mikono mitupu. Akiaga, hupewa kifurushi kidogo cha switi kilichovikwa karatasi maridadi yenye jina la mwenye sherehe, tarehe, na pengine picha yake akitabasamu. Mtindo huu ni mzuri. Mimi siupingi hata kidogo. Ninachopinga ni ile dhana kwamba ni lazima tukimbilie dukani kuchapishiwa, ati cha kujitengenezea nyumbani ni cha maskini. Maoni yangu ni kinyume kabisa: karatasi hizo tuzikate, tuziandike na tuzikunje kwa mikono yetu wenyewe, hapa shuleni na kule nyumbani.

Sababu yangu ya kwanza nimeiona kwa macho yangu, na waliokuwepo watanishuhudia. Katika karamu ya mwaka uliopita ya kuwaaga watahiniwa, vifurushi viliagizwa kutoka duka fulani la uchapishaji. Kila kifurushi kilikuwa na bei yake na kila kimoja kiliandikwa jina la mwenyewe. Aliyelipa mchango, jina lake lilikwenda kwa mchapishaji. Ambaye hakulipa, je? Wakati wa kugawa ulipofika majina yalisomwa moja baada ya jingine, watu wakapiga makofi, na kuna wenzetu waliokaa kwenye viti vyao hadi orodha ikaisha bila kuitwa. Wapishi waliotupikia pilau tangu alfajiri hawakuitwa. Bawabu hakuitwa. Matroni naye hakuitwa, na yeye ndiye aliyewauguza hao hao waliokuwa wakiagwa. Ukweli ni kwamba hakuna aliyekusudia kumdhalilisha mtu. Hesabu ilikuwa imefungwa wiki mbili kabla, na dukani hakuna kuongeza kimoja dakika ya mwisho.

Fauka ya hayo, karatasi zenyewe zilikuja na kosa. Badala ya "Asanteni kwa kuja" ziliandikwa "Asanteni kwa kukunja". Wageni wakabaki kuulizana ni kitu gani walichokunja! Tulicheka, lakini kicheko chetu kilikuwa cha uchungu, kwa maana shule yenye Chama cha Kiswahili iligawa Kiswahili kilichovunjika mguu, tena kwa malipo.

Kuna watakaosema kwamba haya ya kufunga peremende ni mambo ya Wazungu, hivyo tuyaache yapite. Kweli, kwao yapo. Waitaliano huwagawia wageni wa harusi lozi zilizopakwa sukari, aghalabu tano kwa kila mgeni, zikiwa ishara ya afya, mali, furaha, uzazi na maisha marefu. Kule London, katika miaka ya 1840, mtengeneza peremende aitwaye Tom Smith aliziuza peremende zake zikiwa zimeviringishwa kwa karatasi iliyosokotwa ncha zote mbili, akiwa ameiga mtindo aliouona Paris, kisha akaanza kutia ndani kikaratasi chenye maneno ya mapenzi. Baadaye akaongeza kitu cha kulipuka ukivuta ncha, na huo ndio mwanzo wa vile vifyatuo vya Krismasi vinavyopendwa Uingereza.

Lakini je, sisi tulikuwa watupu? Hasha! Nenda pwani. Katika sherehe za Waswahili wa Lamu na Mombasa, mgeni hunyunyiziwa marashi ya mawaridi kwa mrashi. Wanawake hupeana kikuba, yaani kile kishada cha asumini na mrehani kinachobandikwa kifuani, mtu akifika kwake bado ananukia harusi. Halua nayo haikungoja sanduku la duka; ilifungwa katika vikapu vidogo vya ukindu. Na hapa bara, ni nani asiyemjua muuza njugu wa kituo cha magari? Anachukua kipande cha karatasi, anakizungusha kidoleni mara moja, anakunja ncha, na tayari ana kifuko kisichomwaga hata punje moja. Huyo ni fundi, ingawa hatumpi jina hilo. Mgeni njoo mwenyeji apone, na zawadi ndogo ya kumsindikiza mgeni si kitu tulichoazima.

Isitoshe, sisi tunao mfano mkubwa zaidi wa kitu chenye maneno kinachotolewa kama zawadi, nao ni leso, au kanga. Kila leso ina sehemu tatu. Kuna pindo linalozunguka pande zote nne. Kuna mji, yaani sehemu ya katikati. Halafu kuna jina, ule msemo ulioandikwa chini ya mji. Mwanamke anaponunua leso katika mtaa wa Biashara kule Mombasa hatazami rangi peke yake. Anasoma jina kwanza, kwa maana jina ndilo litakalosema kwa niaba yake. Zile leso maarufu za "Mali ya Abdulla" zimevaliwa na vizazi kadha. Sasa basi, ikiwa bibi zetu walijua kuandika ujumbe juu ya nguo, sisi tuliosoma tutashindwaje kuandika ujumbe juu ya karatasi ya peremende?

Pendekezo langu ni hili: karatasi ya peremende ya Chama chetu iwe leso ndogo. Iwe na pindo la rangi za shule. Katika mji liwekwe jina la mgeni. Chini yake, mahali pa jina la leso, pakae methali au kitendawili, na jibu la kitendawili lifichwe upande wa ndani. Mgeni akisoma "Nyumba yangu haina mlango", hatapumzika mpaka afungue aone "yai". Hapo atakuwa amekula utamu mara mbili.

Sasa nakuja kwenye vitendo, maana maneno matupu hayavunji mfupa. Karatasi ya kawaida ya kuandikia mtihani ina upana wa sentimita 21 na urefu wa sentimita 29.7. Ukiigawa mara tatu kwa upana na mara tatu kwa urefu utapata vipande tisa, kila kimoja sentimita 7 kwa 9.9, navyo vyatosha kuvika peremende moja moja na kusokota ncha. Ukitaka kifurushi cha peremende tatu, igawe karatasi mara nne. Shika kipande kimoja, ukilaze kwa mapana. Chora pindo, mji na jina katikati. Kigeuze, kunja upande wa kushoto sentimita 4, kisha wa kulia sentimita 4. Pande hizo zitalaliana kwa zaidi ya sentimita 1, na hapo ndipo unapopaka gundi. Kunja chini sentimita 2, paka gundi tena, tia peremende, kunja juu. Umemaliza.

Gundi nayo si lazima inunuliwe. Vijiko viwili vya unga wa ngano katika nusu kikombe cha maji, koroga kwanza madonge yaishe, weka jikoni, endelea kukoroga mpaka iwe nzito kama uji wa mgonjwa. Ikipoa iko tayari. Ipake nyembamba na uache karatasi zikauke vizuri kabla ya kuzipanga, la sivyo zitashikana, tena wadudu hupenda unyevu wa unga. Badala ya utepe wa dukani tumia uzi wa katani, zao ambalo nchi yetu inalo tele.

Tufanye hesabu. Wageni wakiwa 200, tunahitaji karatasi 50 tu. Rimu moja ina karatasi 500, kwa hiyo zitabaki 450 za kufanyia kazi nyingine. Wanachama wakiwa 30, kila mmoja akitengeneza vifurushi saba tunapata 210. Vya wageni vimetimia na kumi vimebaki kwa wale wanaofika bila kualikwa. Hata tukisema kila kifurushi kitachukua dakika tano, kazi ya mtu mmoja haizidi dakika 35. Hizo ni dakika ambazo wengi wetu huzipoteza kwenye foleni ya chai. Jambo kubwa zaidi ni kwamba kuongeza jina la mtu hakugharimu chochote. Kalamu iko mkononi. Mchango hauna tena uwezo wa kumfuta mtu kwenye orodha, kwa sababu jina halilipiwi.

Hata hivyo, tusifanye mambo kwa pupa. Kuna tahadhari moja ambayo naomba izingatiwe sana. Wino haukutengenezwa uliwe. Ile tabia ya kufungia vyakula katika magazeti na karatasi za mitihani iliyopita si ya kuigwa, hasa chakula chenyewe kikiwa na mafuta au unyevu. Karatasi yetu iwe koti linalovaliwa juu ya shati: peremende ibaki na karatasi yake ya ndani, kisha yetu ije juu. Kama tutapika kashata za nazi au za njugu wenyewe, na mimi naunga mkono kashata, basi kila kashata ifungwe kwanza katika karatasi safi isiyopenya mafuta, ndipo ivikwe hiyo iliyoandikwa. Chokoleti tuiache. Kwa jua letu itafika kwa mgeni ikiwa mchuzi.

Najua kuna wapinzani wangu. Wa kwanza watasema kazi ya mkono haina unadhifu wa mashine. Nami nawajibu kwamba rula na subira hutoa mstari ulionyooka kama wa mashine. Anayetaka kutumia kompyuta kuchora pindo na aitumie. Sipingi mashine, napinga uvivu wa kumwachia mwenye duka hata tahajia yetu. Wa pili ni wale wavulana watakaosema kukata na kukunja karatasi ni kazi ya wasichana. Hawa nawauliza: muuza njugu wa kituoni ni msichana? Na fundi wa leso aliyechora lile pindo, nani alimuuliza jinsia yake?

Wapinzani wa tatu wana hoja nzito zaidi, nayo ni takataka. Tangu tarehe 28 Agosti 2017 nchi yetu ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, tumejifunza kubeba vyondo na vikapu. Tangu Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi katika mbuga, misitu na fuo zilizohifadhiwa. Ni kweli kwamba karatasi ya peremende haikutajwa katika marufuku ya mifuko, lakini tusijifiche nyuma ya hilo. Ukitembea uwanjani baada ya karamu utadhani mvua ya karatasi ilinyesha. Hata hivyo, nani hutupa karatasi yenye jina lake? Watu hutupa kile wasichokijali. Kifurushi kilichoandikwa jina la mtu kwa mkono wa mtu anayemjua kitawekwa ndani ya kitabu, kitakaa humo miaka. Hizo za ndani za plastiki, tuweke kapu kila mlango wa ukumbi na tuwape wanachama wawili zamu ya kulisimamia. Na tukipika kashata, plastiki yenyewe haitakuwepo.

Kwa hivyo naomba mambo matatu kwa mwalimu mlezi, kwa kamati yetu na kwenu wanachama wenzangu. Mosi, karamu ya kuwaaga kaka na dada zetu wa Kidato cha Nne isiagize hata kifurushi kimoja dukani. Pili, orodha ya majina ianzie jikoni na langoni: wapishi, bawabu, matroni na mtunza bustani, kisha walimu, kisha wanafunzi wote, waliochanga na wasiochanga. Tatu, kila mwanachama alete methali mbili na kitendawili kimoja, na mhariri wa Chama asahihishe tahajia kabla karatasi hazijakunjwa, tusije tukawashukuru wageni kwa kukunja tena.

Peremende huyeyuka mdomoni kabla mgeni hajafika kituo cha matatu. Utamu wake ni wa dakika chache. Lakini mtu akiliona jina lake limeandikwa sawasawa, na mtu aliyeketi akalifikiria, hilo haliyeyuki. Tukiwa na karatasi 50, unga kidogo na uzi wa katani, hakuna sababu ya mtu yeyote kukaa kitini akisubiri jina lisilosomwa.

Shime, wanachama! Mikasi tunayo.