Bomba zima, kishikizo kimekatika

Ukipita kwenye majaruba ya Ubaruku, wilayani Mbarali, wakati wa kupulizia dawa ya magugu kwenye mpunga, utaona mabomba ya mgongoni yaliyofungwa kwa waya na vipande vya mpira wa baiskeli. Tangi ni zima, pampu ni nzima. Kilichokatika ni kishikizo cha plastiki kinachobeba mkanda.

Bomba la lita 16 likijaa, maji peke yake ni kilo 16, na matopeni kila hatua ni mtikisiko. Kishikizo chenye kona kali kwenye shina lake hukusanya nguvu yote hapo, ufa ukaanza. Kikikatika, dawa inaweza kummwagikia mkulima mgongoni. Shina likiviringwa kidogo na kuongezewa mbavu, hudumu zaidi. Kwa msanifu anayechora kwa kompyuta, hiyo ni kazi ya dakika chache. Kalibu ya chuma ikishachongwa, kurekebisha kunataka kuichonga tena, na pesa juu.

Nasi wanunuzi tuna makosa, tunauliza bei tu (na rangi!). Pitisha kidole kwenye shina la kishikizo kabla ya kulipa. Wenye maduka nao walete vishikizo na mikanda ya akiba, siyo kumwambia mteja anunue bomba jipya.