Sauti kwanza, Kiingereza baadaye

Kuna shida tunayoiona huku Kibaha na Kisarawe. Mtoto wa chekechea anakaririshwa "ei, bii, sii", kisha anaingia darasa la kwanza shule ya serikali na kukuta "a, e, i, o, u". Lazima achanganyikiwe!

Kiswahili husomwa kama kinavyoandikwa. Mtoto akijua sauti ya m na irabu tano, tayari ana ma, me, mi, mo, mu. Sera ya Elimu ya 2014 iliifanya elimu ya awali kuwa ya lazima, lakini kufundisha sauti hizi ni kazi ya nyumbani pia. Akina baba wenzangu, tusiwaachie mama wa watoto wetu peke yao. Kibao cha daladala kilichoandikwa "Maili Moja" kinatosha somo la jioni nzima.